Betri Yenye Kishikio cha Kitenge

Baba yangu ana kisa kimoja anachokipenda kuliko vyote, na kisa hicho kinanihusu mimi. Alikisimulia kwenye harusi yangu, akakisimulia kwenye ubatizo wa watoto wangu wote, na Jumapili iliyopita amekisimulia tena, mezani kwangu, akinywa chai yangu. Kisa chenyewe ni kwamba nilipokuwa mdogo niliua vifaranga vya akina mama wa kanisa zima kwa kidole kimoja. Watu hucheka sana. Baba anajua kusimulia, hilo simnyimi.

Safari hii aliyekianzisha bila kujua ni binti yangu Faraja. Yuko likizo ya chuo, na alikuwa amemwaga mezani vikorokoro vyake: kibao kidogo cha kompyuta ambacho ndicho ubongo, rilei, ile swichi inayovutwa na umeme, iliyofungiwa kwenye kijiboksi cha buluu, betri, na nyaya za rangi zote. Anatengeneza kitu cha kuwasha na kuzima taa ya banda letu la vifaranga kufuatana na baridi. Asubuhi nzima kilimtesa. Kila rilei ilipovuta, kibao kilizimika na kuanza upya, na yeye akaanza upya kukuna kichwa. Mwishowe akaipa rilei betri yake peke yake, kibao akakiachia umeme wake, na vyote viwili vikatulia. Ikalia tak, taa ikawaka. Ikalia tak, taa ikazimika.

"Umeona, Babu?" alisema. "Vilikuwa vinanyang'anyana umeme. Sasa kila kimoja kina chake, hakuna anayemzima mwenzake."

"Mimi nilishayajua hayo zamani," baba alisema, akijiegemeza vizuri kwenye kiti. "Nilitengeneza mashine ya kutotoa vifaranga hapa Njombe watu hawajawahi hata kuota. Rilei na betri yake, taa na umeme wake. Ingekuwepo mpaka leo. Muulize mama yako aliifanya nini."

Kisha akakitoa kisa chote, na kile kidole, na jinsi nilivyonyoosha mkono kama niko darasani. Akacheka mpaka akakohoa. Faraja hakucheka. Alinigeukia akaniuliza, "Mama, ni kweli?"

Kwa kawaida hapo ndipo nami hucheka. Nimecheka hapo miaka yangu yote. Lakini ile tak ilikuwa bado inalia mezani, na nilikuwa sijaisikia tangu siku ile kule Makambako. Tena tulikuwa tumemaliza msiba wa mama muda si mrefu, na katika kugawana nguo zake, chini kabisa ya sanduku lake, nilikuta kipande cha kitenge kilichosokotwa, cha njano chenye majani ya kijani. Dada zake wakauliza hiki kitambaa ni cha nini. Nikasema sijui, nikakitia mfukoni.

Baba alikuwa fundi umeme wa magari. Alifanya kazi kwenye karakana ya shirika moja la usafirishaji, mjini Njombe, na kila jioni alirudi nyumbani akinuka grisi na sabuni ya unga. Kisha yakaja mageuzi. Madukani zikajaa sabuni za rangi rangi, mitumba ikamwagwa sokoni kwa marobota, redio kaseti zikapiga kelele kila kona, na shirika la baba likafungwa. Wakubwa walisema biashara sasa imekuwa huria. Baba akahamishia vifaa vyake Makambako, ambako malori ya watu binafsi yalipumzika barabarani na hayakuisha kuharibika. Akawa anakuja nyumbani Jumamosi na mkate na nyama, na kuondoka Jumatatu asubuhi. Mimi nilidhani ndivyo biashara huria ilivyo, kwamba baba za watu huonekana mwisho wa wiki.

Wazo la mashine lilikuwa la mama. Alitokea kijiji cha Mdandu, alikulia kwenye kuku, na alichoka kumngoja kuku aamue mwenyewe siku ya kulalia. Baba aliona hapo nafasi ya kuonyesha ufundi wake. Alichukua kasha la mbao nyembamba la kufungashia majani ya chai, akalitoboa matundu ya hewa, akaweka taa nne. Kutoka kwenye pasi ya umeme iliyokufa alichomoa kile kibati kinachojipinda kikipata joto. Kutoka kwenye gari bovu alichomoa rilei ya honi. Kibati kikipoa kiliamuru rilei, rilei ikawasha taa. Kikipata joto kiliiachia, taa zikazimika. Mama alitandika ndani kipande cha blanketi, na kasha likawekwa chumbani kwetu, pembeni ya kitanda changu, kwa sababu ndicho chumba kisichokuwa na upepo.

Mara ya kwanza lilitutia aibu. Baba alikuwa ameipa rilei umeme uleule wa nyumbani, akiupunguza kwa kifaa cha redio mbovu. Jioni, umeme wa Njombe ulipokuwa hauna nguvu, taa zilipowaka tu rilei ilikosa nguvu ikaachia, ikavuta tena, ikaachia tena, takatakatakataka, mpaka mama akaziba masikio. Ndipo baba akasema rilei lazima iwe na betri yake. Mama akauza nguruwe wake, betri mpya ikanunuliwa. Kishikio chake cha plastiki kilikatika siku ileile ilipofika, na mama akachana kitenge chake cha zamani cha kwaya, cha njano chenye majani ya kijani, akasokota kishikio kingine kinene akakifunga kwa mafundo mawili.

"Huyu mdogo anatoa amri tu," baba alinieleza, akinionyesha betri. "Yule mkubwa wa ukutani ndiye anafanya kazi. Hawa wawili hawatakiwi kugusana hata siku moja." Niliitikia kwa kichwa kana kwamba nimeelewa. Nilichoelewa mimi ni kwamba mashine ni kuku wa namna yake, na ile tak ni mdomo wake ukigonga mayai kuona kama yote yapo. Nililala nikiisikia, nami nikajiona nimelala chini ya bawa.

Akina mama wa jumuiya yetu walikuja kuitazama, na kila aliyeiona alitaka mayai yake yaingie. Lakini hakuna aliyekubali atotolewe vifaranga vya jogoo wa mwenzake. Kwetu kuku anajulikana ukoo wake. Basi kila mmoja aliweka alama yake kwa mkaa juu ya ganda, huyu msalaba, huyu duara, huyu mistari miwili, na mama akagawa kasha kwa mabua ya mahindi ili kila mama awe na chumba chake na vifaranga visichanganyikane vikitoka. Aliyageuza mayai asubuhi, mchana na jioni. Umeme ukikatika alizungushia chupa za maji ya moto. Chumba chetu kilinuka vumbi la taa, pamba iliyopashwa joto, na ule uchachu wa betri unaokaa kooni. Mpaka leo nikipita dukani kwa fundi wa betri, nasimama.

Mama alibadilika kipindi kile. Mwanamke aliyezoea kukaa benchi la nyuma kanisani sasa alisubiriwa mlangoni kusalimiwa. "Kamwene, Mama Tumaini, wangu wanaendeleaje?" Naye alijibu kwa upole, kama daktari, kwamba wanaendelea vizuri. Nilijivuna mpaka nikawa kero shuleni.

Wiki mbili zilipopita, baba akaja Jumamosi na betri nyingine, kuukuu, yenye kishikio cha waya. "Hii yetu nakwenda kuichaji vizuri Makambako," alisema. "Chaja za hapa zinaiua. Tumieni hii, nimeijaza." Jumatatu akaondoka ameshika ile yenye kishikio cha kitenge. Nilimsindikiza mpaka njiani.

Kisa cha kidole kilitokea siku hiyo hiyo. Rilei ilikuwa haina kifuniko, na kila siku nilitazama kile kijiulimi cha chuma kikivutwa na kuachiwa. Mama alikuwa nje anafua. Nikaweka kidole, nikabonyeza. Tak. Taa zikawaka. Nikaondoa. Tak. Zikazimika. Nilisikia mtekenyo wa furaha mwili mzima, nikakimbilia nje. Mashine iliendelea na kazi yake kama kawaida siku hiyo, na siku iliyofuata.

Kisha ikaja asubuhi moja ya baridi ile ya kwetu, ambayo kabichi huamka na weupe wa barafu kwenye majani. Kilichoniamsha ni ukimya. Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya kasha, kifuniko kiko sakafuni.

"Tumaini," alisema bila kugeuka. "Njoo ushike hapa."

Nilishika yai lenye alama ya duara. Lilikuwa la baridi kama jiwe la mtoni. Alichukua moja la kwake, akalipasua polepole kwa kucha. Kifaranga kilikuwemo, kimekamilika viungo vyote, manyoya yamelowa, macho yamefumba, mdomo umeinuliwa tayari kugonga. Mama hakulia. Alifunika mayai yote kwa blanketi, akabandika maji jikoni, akajaribu chupa za moto mpaka saa nne, wakati hata mimi niliona kwamba anapasha joto maiti.

Baba alipokuja Jumamosi aligusisha taa ya majaribio kwenye betri ile kuukuu. Haikuwaka. Akatazama rilei, akatutazama. "Nani amegusa hapa?"

Nikanyoosha mkono, kama shuleni.

Hakunipiga. Angenipiga ingekuwa nafuu, maana kipigo kina mwisho wake. Alichuchumaa akanieleza kwa sauti ya mwalimu mwema. "Ulipobonyeza, umeme mkubwa uliingia kwenye mdogo. Betri ikafa palepale. Nilikwambia hawa hawatakiwi kugusana." Akamgeukia mama. "Si kosa lako, Mama Tumaini. Ni utoto tu." Na mama akanitazama. Nimesahau sura nyingi za mama yangu, ile sijaisahau.

Mama alizunguka nyumba kwa nyumba. Kila mama aliyepoteza mayai alipelekewa kuku mmoja wa mama, amefungwa miguu, na banda letu likaisha. Alieleza kilichotokea, kwa sababu ilibidi aeleze, na kilichotokea kilikuwa mimi. Jumapili iliyofuata watoto wenzangu wakaniita muuaji wa vifaranga. Akina mama walinishika kichwa wakisema ni mtoto tu, lakini kuku wao walipotaga walinikataza nisisogee. Niliacha kugusa vitu. Nilikuwa nafungua mlango kwa kiwiko. Hakuna aliyeona, au walioona walidhani nacheza.

Nayo mashine ikapakiwa kwenye lori. Baba alisema anaipeleka Makambako kuitengeneza. Kila Jumamosi nilimuuliza kama imepona, naye alisema bado, vifaa vinatafutwa. Kila usiku nilisali kwa Mungu aiponye. Sikuombea vifaranga, vile vilikuwa vimekwisha. Niliomba ipone ili nisiwe nimeua kila kitu.

Shule zilipofungwa, mzee mmoja wa usharika wetu aliyekuwa na lori la viazi alikuwa anakwenda Makambako na kurudi siku ileile. Mama akamwomba anichukue, nimpelekee baba sweta, na nimuulize ana kwa ana habari za mashine. Nilifika kwenye uwanja wa malori kabla ya mchana. Vijana waliokuwa wanabadilisha tairi wakaniambia, "Baba Zuhura hayupo, ameitwa njiani kukwamua gari."

"Namtafuta Baba Tumaini," niliwasahihisha. "Fundi umeme."

Walitazamana. "Fundi umeme ni huyohuyo," mmoja akasema. "Hebu mpelekeni kwa Mama Zuhura, ndiko anakokula." Nikaona watu wa Makambako wanachanganya majina kwa sababu ni wageni, wametoka mikoa mingi.

Mama Zuhura alikuwa na mgahawa ng'ambo ya barabara. Alikuwa mwanamke mrefu, amejitanda mtandio mweupe, ana mtoto mgongoni. Nilimwamkia, akaniuliza kama nimekula, na bila kusubiri jibu akaniwekea chapati, maharage na chai iliyonukia iliki. Redio kaseti ilikuwa inaimba juu ya kabati. Nilikula kwa adabu mpaka wimbo ukaisha, na kaseti ilipokuwa inageuzwa, kwenye ukimya ule, nikasikia kutoka chumba cha nyuma.

Tak.

Niliacha chapati. Nilipita katikati ya meza, nikasukuma pazia, na hapo chini ya dirisha lilikuwa kasha letu la chai, taa nne zinawaka, betri pembeni na kishikio chake cha njano. Ndani yake mayai yamejaa, meupe, hayana alama hata moja. Sikuwahi kufurahi hivyo kabla, na sijafurahi hivyo baada. "Imepona!" nilipiga kelele. "Mama Zuhura, imepona! Sikuiua!"

Mama Zuhura alikuwa amesimama kwenye pazia. "Unaijua hii mashine?"

"Ni ya mama yangu. Baba aliileta kuitengeneza."

"Baba yako ni nani, mwanangu?"

Nikamwambia. Alikaa juu ya gunia la mchele. Alimshusha mtoto mgongoni akampakata, akanitazama mimi, akamtazama mtoto, akarudi kwangu. "Aliniambia kwao Njombe yuko mama yake mzee tu," alisema, nadhani hakuwa anasema na mimi. Mimi nikamfafanulia kwamba bibi alishafariki. Aliniongezea chapati ya kupeleka nyumbani, akaifunga kwenye gazeti, akaifungua, akaifunga tena. Nilidhani anataka isipoe.

Baba hakurudi mpaka lori la viazi likaondoka. Nilimwachia sweta yake pale. Nilipofika nyumbani nilianza kupiga kelele toka njiani. "Mama! Imepona! Iko kwa Mama Zuhura, ina mayai, na betri yetu ipo!" Mama alikuwa anapepeta maharage. Aliendelea kupepeta. Akaniuliza Mama Zuhura ni nani, nikamwambia ni mwanamke mzuri sana, ana mtoto mchanga, na baba anakula kwake. Aliniuliza kama huyo mtoto anafanana na mtu. Nikafikiri kwa bidii, maana nilitaka kumsaidia, nikasema anafanana na mimi kwenye picha ya ubatizo.

Siku chache baadaye mama alivaa kitenge chake kipya cha kwaya, cha rangi ileile ya njano chenye majani ya kijani, akachukua kamba za katani za kufungia mzigo, akanishika mkono. Tulikuwa tunakwenda kuchukua mashine yetu. Nilirukaruka njia nzima.

Mama Zuhura alituona mlangoni. Alitazama kitenge cha mama, kutoka mabegani mpaka miguuni, na sikuelewa kwa nini nguo nzuri imtishe mtu. "Karibu, Mama Tumaini," alisema, ingawa mama hakuwa amejitambulisha. "Pita ndani, dada."

Mama alipita mpaka chumba cha nyuma na kamba zake, akafunua kasha. Akabaki ameshika kifuniko hewani. Kwenye ganda moja kulikuwa na ufa, na kwenye ufa, mdomo. Lingine lilikuwa linatikisika. Mama akaweka kamba chini.

"Una maji ya vuguvugu?" aliuliza. "Weka bakuli humu ndani. Ganda likikauka kifaranga kinakwama. Na usifunue funue."

Walifanya kazi pamoja mpaka mchana, wanawake wale wawili, vichwa vimekaribiana juu ya taa, mmoja akishika kitambaa, mwingine akieleza. Nilibeba mtoto. Nilijua nimewaunganisha mimi, na nikaona nimefanya jambo jema. Wakati mmoja mama aliuliza, bila kuinua macho, "Hii betri ilikuja na mashine?"

"Hapana, ilitangulia," Mama Zuhura alijibu. "Aliileta kwa ajili ya redio. Umeme ukikatika wateja wakikosa muziki wanahamia kwa jirani. Mashine ilikuja baadaye sana."

"Ilitangulia lini?"

"Wakati ule wa baridi kali."

Mama alikuwa anakausha kifaranga. Aliendelea kukikausha mpaka kikawa kikavu kabisa, kisha akaendelea tu.

Saa ya chakula niliona kivuli mlangoni. Alikuwa baba, na ufunguo wa tairi mkononi. Alituona wote wanne, mimi na mtoto wake mgongoni kwangu, wake zake wawili wameinamia mashine yake. Nilitaka kumwita. Aligeuka akaondoka taratibu, kama mtu aliyekosea nyumba. Mama hakugeuza kichwa, lakini mkono wake ulisimama mpaka hatua zikaisha.

Tulipoaga, Mama Zuhura alikuja na boksi lililojaa milio. "Chukua, dada. Chukua vyote."

"Hivyo ni vya kwako," mama alisema. "Vya kwangu vilikufa."

Alichokichukua ni kishikio. Alichuchumaa, akafungua mafundo yake mawili kwa meno, akakikunja ndani ya kiganja, na betri akaiacha pale. Kamba za katani tulizikalia pembeni ya barabara, tukingoja gari la kurudi. Nikamuuliza baba ataleta mashine lini. Akasema mashine ina kwao sasa. Kisha akanigeuza uso kwa mikono yote miwili, mikono iliyonuka vifaranga.

"Tumaini, sikiliza. Hukuua kitu. Umenielewa? Kidole chako hakikuua kitu."

Nilianza kulia kwa raha. Nikasema nikifika nitawaambia watoto wote.

"Hapana," mama alisema. "Usiwaambie. Ukiwaambia si wewe, watauliza ni nani, na mimi sina pa kusimama nikiulizwa hivyo. Waache waseme ni wewe. Wewe ni mtoto, watasahau. Nibebee hili, mwanangu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nitakapokuambia tua."

Hakuniambia. Mama Zuhura alimfungia baba mlango, hilo tulilisikia kwa madereva, na baba akarudi Njombe moja kwa moja na sanduku lake la vifaa. Alipokewa kama mtu aliyetoka safari. Alifungua duka la ufundi, akaheshimika, na mwaka baada ya mwaka kisa chake kikanoga, kila mara kidole changu kikizidi kuwa kirefu. Mama alikuwa anampakulia chakula huku akisikiliza. Nilimtazama kila mara, nikingoja neno moja, na kila mara aliniongezea mboga. Nampenda mama yangu, nimemlilia mpaka sauti imekauka, na bado nina hasira naye. Watu hawakusahau. Nimeolewa na jina lile. Na mimi ndiye ninayemfulia mzee huyu mashati yake sasa.

"Mama?" Faraja alikuwa bado ananitazama. Rilei ikalia tak. "Ni kweli ulibonyeza tu kwa kidole?"

"Nilibonyeza."

Alikunja uso, akachukua kile kijiboksi cha buluu, akakigeuza. "Lakini Babu, hiyo haiwezi kuua betri. Huku kuna umeme wake, huku kuna wake, katikati hapapiti kitu. Hata ukibonyeza siku nzima. Ndiyo kazi ya rilei."

Baba alicheka, peke yake. "Ah, zile za zamani zilikuwa tofauti."

"Hazikuwa tofauti," Faraja alisema kwa heshima. "Betri yenu ilikufa kwa kitu kingine."

Niliweka birika chini. Mkono wangu ulikuwa mwepesi kuliko nilivyotegemea. "Muulize babu yako," nilisema, "betri nzuri ilikuwa wapi."

"Betri gani?" baba alisema haraka.

"Yenye kishikio cha kitenge."

Mkono wake ukaanza kutafuta mkongojo, na mkongojo ulikuwa upande wa pili, nyuma ya kiti changu. Taa ya Faraja ikawaka, ikazimika. Yeye alikuwa ameweka vidole vyake kidevuni, anamtazama babu yake kwa hamu, kama mtoto anayesubiri sehemu nzuri ya kisa.

"Babu," alisema, "ilikuwa wapi?"